Unaomba masta ya mbinu za utafiti wa elimu? Anza na swali lako
Jamani mnaotaka kuomba masta ya mbinu za utafiti kwenye elimu, cheti cha digrii na transkripti kila mwombaji anavyo, kinachowaangusha wengi ni andiko la utafiti, yani maelezo ya utafiti unaotaka kufanya. Mtu anaandika "changamoto za elimu", sasa hapo msimamizi akusaidie nini? Libane mpaka liwe swali la kujibika ndani ya mwaka, mfano "walimu wa darasa la 3 wanamsahihishaje mtoto anayekosea akisoma kwa sauti", hapo inaonekana kabisa utakaa darasani, utarekodi, utahoji walimu, yani mbinu inajitokeza yenyewe. Na usikimbie takwimu eti wewe ni mtu wa mahojiano, kozi nyingi za aina hii utasoma vyote viwili tu. Halafu utafiti wako ukihusisha watoto unahitaji kibali cha maadili, yani ruhusa rasmi kwamba utafiti hautawadhuru, kabla hujakusanya data hata ya siku moja, pamoja na ridhaa ya wazazi, na hiyo inaweza kula wiki kibao kwa hiyo iweke kwenye ratiba mapema. Barua ya kukupendekeza mwombe mwalimu aliyesoma kazi zako, sio bosi mwenye cheo kikubwa asiyejua hata unaandikaje.