Diski ya nje: mambo ya kukagua kabla hujatoa hela

Kabla hujauliza bei, amua diski itafanyia kazi wapi. Kama ni ya kukaa mezani, Njiro jijini Arusha au katikati ya Moshi, ikipokea picha za familia na video za harusi, HDD, yaani diski ya sahani zinazozunguka, inatosha, na ukipiga hesabu kwa kila TB (GB elfu moja) ni nafuu kuliko SSD, ile ya chipu tupu. Ya kupanda nayo mlima ni habari nyingine. Ndani ya HDD kuna sahani zinazozunguka, na kichwa kinachosoma huelea juu yake kwa kubebwa na hewa. Hewa ikiwa nyepesi kichwa hushuka. Kikigusa sahani, picha zako zimekwenda. Ndiyo maana HDD nyingi zimewekewa ukomo wa kutumika wa mita 3,000 hivi. Kwenye vibanda vya Kilimanjaro, Mandara, mita 2,720, bado uko salama. Horombo, mita 3,720, umeshapitiliza. Anayepiga picha Kilimanjaro anunue SSD, kwa sababu haina kinachozunguka. Hata anayekwenda Serengeti kwa gari ni heri achukue SSD: HDD iliyozimwa huvumilia makorongo kiasi, lakini ikiwa inanakili faili, mrusho mmoja unaweza kuimaliza.

Ukubwa usikuchanganye. Diski ya TB 1 kwenye Windows itasoma GB 931. Hujaibiwa: kiwanda huhesabu kwa elfu, Windows hugawa kwa 1,024. Wizi upo kwenye "SSD ya TB 16" inayouzwa kwa bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Ukiifungua utakuta kadi ndogo ya kumbukumbu, kama ile ya simu, imechomekwa kwenye kibao cha saketi, na pengine kipande cha chuma kimegundishwa ili iwe nzito mkononi. Imechakachuliwa idanganye kompyuta kuhusu ukubwa wake. Faili za mwanzo zitafunguka vizuri, lakini ukishapita ujazo wa kweli, mpya zinaandikwa juu ya za zamani au zinapotea, na majina yake bado unayaona kwenye folda.

Kwa hiyo ukishuka Barabara ya Sokoine, Arusha, kutafuta diski, beba laptopu yenye programu mbili za bure: CrystalDiskInfo, inayoonyesha afya ya diski, na H2testw, inayopima ujazo wake wa kweli. Dukani linganisha namba ya utambulisho (serial number) iliyo kwenye boksi na iliyo kwenye diski yenyewe, lazima zifanane. Chomeka kwenye tundu la USB 3, mara nyingi lina ulimi wa bluu, kwa waya mfupi uliokuja nayo. HDD nzima hunguruma taratibu. Ikilia tak-tak-tak, jaribu tundu jingine kwanza, maana huenda umeme hautoshi. Ikiendelea, irudishe kaunta. Kisha fungua CrystalDiskInfo utazame "Power On Hours", saa ambazo diski imewahi kuwashwa. Mpya husoma sifuri au saa chache. Ikisoma 9,000, hiyo ni mtumba iliyovalishwa boksi jipya. Sekta, yaani vipande vidogo vya diski, zilizohamishwa kwa kuharibika ("Reallocated") na zinazosubiri kuhamishwa ("Pending") zote ziwe sifuri.

H2testw usiifanyie dukani, utamchosha muuzaji. Huijaza diski yote kisha huisoma upya, na kwa HDD ya TB 1 inayokwenda MB 100 kwa sekunde hiyo ni kama saa sita. Kupima GB 1 tu hakusaidii, kwani hata feki hufaulu hapo. Iache usiku nyumbani, laptopu ikiwa kwenye chaji na imezuiwa kulala. Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa kubaliana siku za kurudisha, ziandikwe pamoja na namba ya diski, na udai risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Muuzaji anayekataa kuandika amekwisha kukujibu.

Ikifaulu, ifomati kabla hujaweka chochote, maana kufomati hufuta kila kitu. Wakati wa kufomati utaulizwa mfumo wa kupanga faili: kwa Windows peke yake chagua NTFS. Kama itahamia pia kwenye Mac, chagua exFAT, kwa sababu Mac husoma NTFS bila kuweza kuandika. FAT32 haipokei faili la kuanzia GB 4, na video moja ya harusi huzidi hapo. exFAT nayo haipendi kuchomolewa ghafla: bonyeza kwanza amri ya kuiondoa salama, HDD iache kunguruma, ndipo uchomoe.