Somo: Kumsoma mpinzani kabla ya pointi ya tatu

Wana vitara, wapenzi wa mchezo wa kupigana kwa panga (fencing), salaam. Ukumbini huulizwa kila mara: nikipangwa na Mkorea nifanyeje? Na Mwitaliano je? Huwa najibu kwamba cha kujua ni alifundishwa na nani, pasipoti haikusaidii. Ila pambano la hatua ya makundi huisha kwa pointi 5 tu, hakuna nafasi ya mahojiano. Basi ingia na dhana, uirekebishe upesi. Silaha zetu ni tatu: foili, epee na seba. Mimi ni mtu wa seba, mtaniwia radhi nikiielemea.

Hatua ya 1: Jua silaha yako inaruhusu nini. Foili hugusa kwa ncha, kwenye kiwiliwili tu. Epee ni ncha pia, ila mwili mzima, kuanzia barakoa hadi kidole cha mguu. Seba ni ncha na makali, kiunoni kwenda juu. Kwenye foili na seba mkigusana pamoja, mwamuzi humpa pointi mwenye haki ya shambulio, yaani aliyeanza kushambulia, au aliyekinga kisha akajibu. Epee haina haki hiyo: mkigusana kwa tofauti isiyofika 1/25 ya sekunde, kila mtu anapata yake. Ndiyo maana mwana epee huvizia na mwana seba hukurupuka.

Hatua ya 2: Tazama miguu kwanza. Hapa ndipo Wakorea walipowaacha wengi. Ulaya ilikuwa na walimu wa ufundi wa mkono wa vizazi na vizazi. Korea ikaamua kushinda kwa miguu. Timu yao ya seba ya wanaume ilitwaa dhahabu ya Olimpiki London 2012, Tokyo, na tena Paris 2024, ambako Oh Sang-uk alibeba na ya mtu mmoja mmoja. Dalili za mchezaji wa aina hii: hatua fupifupi za haraka, kisha anasita kidogo ili wewe ukate hewa. Ukishakata hewa umekwisha. Usicheze ngoma yake. Rudi mapema, mwache atangulie, umwingilie angali anajiandaa, mkono wake haujanyooka.

Hatua ya 3: Miguu ikitulia, tazama vidole. Hiyo ni harufu ya Hungaria. Kuanzia 1908 hadi 1964 dhahabu ya seba ya mtu mmoja mmoja ilikuwa yao kila Olimpiki, isipokuwa 1920, ambapo hawakualikwa baada ya vita. Na mwalimu aliyeijenga shule hiyo alikuwa Mwitaliano, Italo Santelli, aliyehamia Budapest mwaka 1896! Áron Szilágyi ameshinda mara tatu mfululizo, 2012, 2016 na Tokyo. Mchezaji wa aina hii akikuachia kifua wazi, hicho ni chambo: anataka ushambulie, akukinge, akujibu. Mdanganye kwa shambulio la uongo, subiri kinga yake ifunguke, ndipo upige kweli.

Hatua ya 4: Foili ya Italia. London 2012 jukwaa zima la foili ya wanawake lilikuwa la Italia, na wawili kati ya watatu, Elisa Di Francisca na Valentina Vezzali, ni wa mji mdogo wa Jesi. Mwalimu wa Jesi, Ezio Triccoli, alijifunza mchezo huu akiwa mfungwa wa vita Afrika Kusini. Mtindo husafiri na watu. Dhidi yao usiache upanga wako ukining'inia mbele. Wataupiga kando na kuingia.

Hatua ya 5: Epee ya Ufaransa. Angalia mpini. Ukiwa mnyoofu na ameushika mwishoni, ameongeza urefu, na hulenga kiganja au mguu. Laura Flessel wa Ufaransa, bingwa wa Olimpiki 1996, alisifika kwa kuchoma vidole vya miguu. Upige upanga wake kwa nguvu: mshiko huo ni dhaifu.

MASWALI YA WANACHAMA

*Kuna mtindo wa Kiafrika?*
Sijauona bado. Medali za Olimpiki tunazo kutoka kaskazini: Abouelkassem wa Misri 2012, Boubakri wa Tunisia 2016, kisha Ferjani wa Tunisia na Elsayed wa Misri 2024. Alexandra Ndolo, aliyeichezea Kenya epee Paris, amelelewa kimchezo Ujerumani. Walimu wetu wakidumu ukumbi mmoja miaka ishirini, niulize tena.

*Nikiwa nyuma 14-10 kwenye epee, si nimekwisha?*
Fainali ya Rio 2016, Park Sang-young wa Korea alikuwa nyuma hivyo hivyo, 14-10, dhidi ya Géza Imre wa Hungaria. Kugusana pamoja kungemaliza kazi, kwa hiyo kila mguso ulipaswa kuwa wake peke yake. Akapata mitano mfululizo, 15-14.

*Mbona kwenye foili siku hizi hawachapi mgongoni kama video za zamani?*
Mwaka 2005 mashine zilirekebishwa: ncha lazima ikandamizwe kwa muda mrefu zaidi ndipo taa iwake. Upanga uliopinda kama mjeledi haukai vya kutosha. Bado wapo wanaoweza, ila ni wachache.

*Hatuna mashine wala ulingo. Hatua za Kikorea tutazifanyaje?*
Chaki inatosha. Chora mita 14 kwa 1.5, mistari ya kuanzia iwe mita 4 kutoka mmoja hadi mwingine. Wawili wasimame bila panga, mmoja akishika glavu kifuani. Mwenzake aipokonye bila kuvukisha miguu kwenda mbele, maana kwenye seba hilo ni kosa. Dakika tatu, mbadilishane. Vaeni viatu, saruji inachuna.