Bastola ya .22 ya kulenga shabaha: mwongozo kwa ndugu walioko Marekani

Kabla hujauliza bastola ipi, uliza karatasi zako zinasemaje. Nimeona vijana wetu wakialikwa renji (uwanja wa kupigia shabaha) na wenzao wa kazini Jumamosi, wanafurahi, wanakodi bastola, wanapiga picha na kuzituma kwenye makundi ya WhatsApp, kumbe wako kwa viza ya masomo. Sheria ya shirikisho ya Marekani inamkataza mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya masomo, ya matembezi au ya kazi kama H-1B, kushika silaha au hata risasi. Kukodi kwa saa moja nako ni kushika. Upo mlango mdogo kwa mwenye leseni halali ya kuwinda iliyotolewa na jimbo, lakini usiupite kabla hujaongea na mwanasheria wa uhamiaji. Aliyepitiliza muda wake hana mlango kabisa. Na kama kesi yako ya ukimbizi bado inaendelea, au uko chini ya TPS (hifadhi ya muda kwa watu wa nchi zenye matatizo), muulize mwanasheria kwanza, usimsikilize muuza duka.

Mwenye Green Card anaruhusiwa kununua na kumiliki kama raia, mradi hana jambo jingine linalomzuia, kama hukumu ya kosa kubwa au ya ugomvi wa nyumbani. Ila raia akikosea anahukumiwa na mambo yanaishia hapo. Wewe mwenye Green Card ukitiwa hatiani kwa kosa la silaha, hukumu hiyo peke yake inaweza kuwa sababu ya kukurudisha kwenu. Ndiyo maana nasisitiza karatasi kuliko chuma.

Dukani utajazishwa fomu namba 4473, kisha muuzaji atakagua jina lako kupitia mfumo wa FBI. Kununua bastola kwa muuzaji mwenye leseni lazima uwe umetimiza miaka 21. Jibu kila swali kwa ukweli, likiwemo la bangi: hata kama jimbo lako linaiuza madukani, fomu hiyo ni ya shirikisho na inakueleza wazi kwamba ruhusa ya jimbo haibadilishi kitu. Na usimnunulie mtu mwingine kwa jina lako, hata awe binamu uliyelala naye chumba kimoja utotoni. Anayenunua kwa niaba ya mtu aliyekatazwa anaweza kufungwa hadi miaka 15.

Halafu kuna sheria za majimbo, na hapo kila mtu ana lake. Ndugu wa Texas hahitaji kibali cha jimbo ili anunue. Wa Minnesota anaanzia kwa polisi wa mji wake au kwa sherifu kuomba kibali. Wa Maryland anapitia mafunzo na kuchukuliwa alama za vidole. Wa Illinois anahitaji kadi ya FOID (kitambulisho cha mwenye silaha), wa Massachusetts anahitaji leseni ya LTC (leseni ya kubeba silaha), na wa New Jersey anaomba kibali kwa kila bastola. Soma ukurasa wa polisi wa jimbo lako wewe, maana aliyokwambia rafiki wa jimbo jirani hayatakusaidia mbele ya hakimu.

Sasa tuje kwenye chuma chenyewe. Anayeanza aanze na .22 Long Rifle (.22 ni kipenyo chake kwa inchi), risasi iliyopo tangu 1887. Kichwa chake kina uzito wa takriban gramu 2.6, haipigi teke mkononi, sauti yake ni ndogo, na bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya risasi ya milimita 9. Faida kubwa ni hiyo ya teke. Anayeanza na bastola kubwa hujifunza kuogopa: kila akivuta triga anafumba macho na kuusukuma mkono chini kabla mlio haujatoka, na tabia hiyo ikishakaa kuitoa ni kazi ya miezi. Kwa .22 unajifunza kuvuta triga taratibu huku macho yamekaa kwenye kilengeo cha mbele, na mwili haupati sababu ya kushtuka.

Risasi hii ina namna yake ya kuwaka. Baruti ya kuwashia imefichwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, na pini ya bastola hugonga ukingo huo badala ya kugonga katikati. Ndiyo sababu haijazwi tena ikishatumika, na ndiyo sababu mara moja moja hukataa kuwaka. Ukivuta triga ukasikia “tak” tupu, usigeuke kumtazama mwalimu. Acha mtutu uelekee kwenye shabaha, hesabu sekunde 30, kisha toa magazini (kibweta kinachobeba risasi) na uitoe ile risasi. Hatari zaidi ni ule mlio mdogo usio wa kawaida, kama pumzi iliyokatika. Hapo simama kabisa. Huenda kichwa cha risasi kimekwama ndani ya mtutu, na ukipiga nyingine nyuma yake mtutu unaweza kuvimba au kupasuka mkononi. Toa magazini na risasi yoyote iliyobaki ndani, angalia kutoka upande wa nyuma, hakikisha unaona mwanga kupitia mtutu, ndipo uendelee.

Madukani utakuta aina mbili za .22. Kuna zile za plastiki zinazofanana na bastola za polisi: Glock 44, Taurus TX22, Walther P22. Ni nyepesi, na kwa mtu anayetaka kujizoeza na umbo la bastola yake kubwa zina maana. Lakini kwa shabaha ya karatasi mimi namshauri mtu achukue aina ya pili, yenye mtutu mnene uliofungwa imara kwenye fremu: Ruger Mark IV, Browning Buck Mark, au Smith & Wesson SW22 Victory. Katika hizi mtutu hautikisiki, na vilengeo havisafiri mbele na nyuma kila unapopiga, kwa hiyo matundu hukaa pamoja. Modeli za shabaha zina uzito wa kama kilo moja. Uzito huo unachosha mkono wa mgeni, lakini ndio unaotuliza mtikisiko.

Kati ya hizo tatu tofauti kubwa ni usafishaji, na .22 inachafuka kweli kweli, imejaa nta, masizi na vumbi la risasi. Ruger za zamani, kuanzia Mark I hadi Mark III, zilisifika kwa kulenga na kuogopwa kwa kuunganisha. Mark IV ya 2016 inafunguka kwa kubonyeza kitufe kimoja nyuma. Victory inafunguliwa kwa skrubu moja ya bisibisi ya pembe sita, na mtutu wenyewe unabadilishika. Buck Mark ina triga tamu tangu siku ya kwanza, lakini kuifungua kunahitaji vifaa na subira. Ukinunua Mark IV iliyotumika, jua kwamba Ruger waliziita zirudi zile zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 kwa sababu ya hitilafu ya kufuli la usalama. Kagua namba yake kwenye tovuti ya kampuni kabla hujatoa hela. Smith & Wesson Model 41 na bastola za Kiitaliano na Kijerumani za mashindano ni nzuri mno, lakini bei yake inaweza kukulipia mwalimu na risasi za muda mrefu. Ziache mpaka matundu yako yaseme kwamba bastola ndiyo inayokurudisha nyuma.

Dukani, muombe muuzaji akuonyeshe kuwa bastola ni tupu, kisha ikague mwenyewe pia. Ishike kama utakavyoishika renji, ielekeze mahali atakapokuonyesha, fumba macho, inua mkono, halafu fumbua. Kama vilengeo vimejipanga vyenyewe, mpini unakufaa. Kama kila mara unakuta mtutu umetazama juu au kando, tafuta mpini mwingine. Mark IV 22/45, kwa mfano, ina mpini wa mlalo tofauti na Mark IV ya kawaida, na kuna mikono inayokataa mmoja ikapenda mwingine. Nyama ya ncha ya kidole ifike kwenye triga bila kupinda kiganja. Dada wenye vidole vifupi walitazame hilo kuliko rangi. Anayetumia mkono wa kushoto aangalie kitufe cha magazini kiko upande gani. Na aliyevuka miaka arobaini na tano, ambaye kilengeo cha mbele kimeanza kuonekana ukungu, anunue yenye reli ya kufungia kilengeo cha nukta nyekundu. Kuhusu kuvuta triga bila risasi, soma kijitabu chake kwanza: kuna .22 zinazovumilia na kuna ambazo pini inagonga chuma na kuharibu ukingo wa chemba, yaani tundu risasi inapokaa.

Risasi, usinunue sanduku kubwa la bei chee ukadhani umepata. Chukua pakiti za hamsini za aina tatu au nne za kasi ya kawaida, kama CCI Standard Velocity, SK na Eley, egemeza mikono kwenye mto wa mchanga, piga kumi kumi kwa yadi 25, ulinganishe karatasi. Kasi ya kawaida haivuki mwendo wa sauti, kwa hiyo risasi haisumbuliwi njiani. Bastola mbili za modeli moja zinaweza kupenda risasi tofauti. Iliyopanga matundu vizuri bila kukwama ndiyo yako.

Klabu za mtaani hufanya mashindano ya karatasi ambako unapiga kwanza taratibu, halafu risasi tano kwa sekunde 20, halafu tano kwa sekunde 10. Nenda ukatazame kabla hujanunua. Wazee wa klabu hizi kwa kawaida wanamkaribisha mgeni anayeuliza, na wengine watakupa ujaribu bastola zao.

Ukitoka renji, osha mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla hujala chochote au kushika usukani, na ukifika nyumbani badili nguo kabla hujambeba mtoto. Vumbi la risasi lina madini ya lead, na watoto wadogo huumizwa nayo kuliko sisi. Bastola ikae ndani ya kisanduku cha chuma kilichofungwa, tupu, risasi mahali pengine, ufunguo usijulikane na mtoto wala mgeni. Nyumba zetu haziishi wageni. Na kama kuna mtu ndani ya nyumba aliyezidiwa na mawazo, ukiwemo wewe mwenyewe, ihamishe bastola hiyo kihalali mpaka hali itulie. Hilo lisiwe na aibu wala mjadala.

Ndugu walioko Uingereza, mwongozo huu hauwasaidii kwa .22: bastola za kawaida zilipigwa marufuku kwa sheria za 1997 baada ya mauaji ya watoto shuleni Dunblane, Scotland, na .22 zikaingia humo. Kwenu mchezo ni bastola ya upepo ya mita 10, ambao ni mchezo wa Olimpiki, na walioko Scotland wanahitaji cheti hata kwa hiyo. Kanada ilisimamisha ununuzi wa bastola kwa watu wa kawaida Oktoba 2022. Ujerumani inawezekana, lakini kupitia klabu na baada ya angalau mwaka mmoja wa mazoezi ya kudumu.

Mwisho, safari ya nyumbani. Bastola haisafiri nawe kwenda Dar wala Nairobi. Kuitoa Marekani na kuiingiza kwetu ni sheria juu ya sheria, na Tanzania na Kenya zote zinahesabu kuwa na risasi bila leseni kuwa kosa. Kinachowaponza watu zaidi ni mfuko. Begi uliloendea renji lina mishono na mifuko ya ndani, na .22 ni ndogo kuliko kifuniko cha kalamu. Lichague begi moja la renji, liandike, na lisipande ndege kamwe. Hata koti ulilovaa renji, likung'ute na ukague mifuko yote kabla halijaingia kwenye sanduku la safari.