Kugeuza meli ya vita kuwa ya abiria: anza na uzito

Liemba ya Kigoma ilianza kama Graf von Götzen, meli ya Wajerumani yenye mizinga. Walipoizamisha Julai 1916, mafundi waliipaka mitambo grisi nzito. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi ziwani kubeba abiria.

Ukipata chombo cha namna hiyo, gonga bamba na ribiti kwa nyundo. Mlio mkali ni chuma kizima. Mlio uliofifia ni kutu. Pima unene hasa kwenye mstari wa maji.

Lakini hatari kubwa iko kwenye uzito. Vyumba vinavyoongezwa juu ya sitaha hupandisha kitovu cha uzito, na meli hulala kirahisi. Pima uthabiti wake siku isiyo na upepo, kamba zikiwa zimelegezwa na abiria wote wameshuka. Matangi yawe yamejaa kabisa au makavu, kwa sababu maji yanayochezacheza huharibu kipimo. Ning'iniza timazi (uzi wenye kitu kizito mwishoni) la mita 3, kisha hamisha tani 2 umbali wa mita 6 kuelekea ubavuni. Tuseme meli ina tani 800 na timazi limesogea sentimita 5: zidisha 2 kwa 6, gawanya kwa 800, gawanya tena kwa 0.0167 (sentimita 5 kugawanya kwa mita 3). Kimo cha uthabiti, yaani kipimo cha uwezo wa meli kujirudisha wima, ni karibu mita 0.9. Rudia ubavu wa pili. Majibu yakipishana sana, kuna tangi halijajaa au kamba imekaza.

Kimo kikiwa kidogo, punguza vyumba vya juu kwanza. Farumi (uzito wa kutuliza meli) karibu na mkuku, yaani uti wa chini wa meli, husaidia, ila huifanya meli ikae chini zaidi majini, na isipofungwa imara huteleza.