Kuchagua Vifaa vya Kupanda na Kulala Milimani Nyanda za Juu Kusini: Mwongozo wa Hatua kwa Hatua

Wageni wengi ninaowaongoza hufika Mbeya wakiwa wamejiandaa kupanda, yaani wana miguu imara na pumzi ya kutosha, lakini hawakujiandaa kusimama. Mlima Rungwe, wenye takribani mita 2,960, haumshindi mtu kwa urefu wake. Humshinda saa kumi na moja jioni, jasho linapopoa mwilini, ukungu unaposhuka na nguo zote zikiwa zimelowa. Kwa sababu hiyo ninachagua vifaa kwa kuanzia saa ya baridi na maji kuliko zote nitakayoipitia, kisha ninarudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwenye begi, ambalo watu hulinunua kwanza na ambalo nashauri linunuliwe karibu na mwisho.

Hatua ya 1: Amua mahali, mwezi na idadi ya usiku kabla ya kutoa fedha

Huku kwetu msimu wa mvua ni mmoja, kuanzia takribani Novemba hadi Aprili au Mei, na baada yake hufuata ukavu wenye baridi kali mwezi Juni na Julai. Hiyo ni misimu miwili inayodai vifaa viwili tofauti. Anayekwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo kuangalia maua, ambayo huchanua kwa wingi kati ya Desemba na Aprili, ajue kwamba ameuchagua wakati wenye matope na radi, hivyo kipaumbele chake ni koti la mvua na hema lisilovuja. Anayekwenda Kitulo Juni atapata anga safi, lakini uwanda ule uko kwenye mwinuko wa mita 2,600 hivi, nyasi tupu bila miti ya kuzuia upepo, na asubuhi anaweza kukuta sakitu, yaani umande ulioganda, imetanda juu ya hema lake.

Kanuni ya kukadiria ni rahisi: kila unapopanda mita 1,000, joto hupungua kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi. Jiji la Mbeya liko mita 1,700 hivi. Ukiona usiku wa Mbeya unakulazimisha kuvaa sweta ndani ya nyumba, toa nyuzi 5 au 6 nyingine, ondoa kuta, ongeza upepo, na hapo ndipo utakapolala Kitulo.

Rungwe ni habari nyingine, kwa sababu miteremko yake ya kusini, upande wa Tukuyu, ni miongoni mwa maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi nchini, takribani milimita 3,000 kwa mwaka sehemu za juu. Hata mwezi wa ukavu majani ya msituni yatakulowesha hadi kiunoni. Ziwa Ngosi ni safari ya nusu siku isiyohitaji hema. Milima ya Udzungwa, ukianzia Mang'ula kuelekea maporomoko ya Sanje, ni joto na unyevu tangu hatua ya kwanza, kwa hiyo sweta zito ulilolisifu Kitulo litakuwa mzigo wa bure.

Hatua ya 2: Viatu, na namna ya kuvikagua mitumbani

Fedha nyingi zaidi ziende hapa. Kiatu cha kutembea na mzigo kinatakiwa kuwa na soli yenye meno marefu yanayoshika tope, kisigino kisichoyumba, na nafasi mbele ya vidole. Nenda kukijaribu alasiri, miguu ikiwa imekwisha kuvimba kidogo kwa kutembea, ukiwa umevaa soksi nene zile zile utakazozitumia safarini. Sukuma mguu mbele hadi vidole viguse ncha ya kiatu. Nyuma ya kisigino kidole chako kimoja cha mkono kipite bila kubanwa. Halafu tafuta ngazi au mteremko wowote na ushuke. Kiatu kinachogonga kucha kwenye ngazi kumi za dukani kitazing'oa kucha hizo kwenye mteremko wa saa nne.

Wengi wetu tunanunua viatu vya mtumba, na sioni aibu yoyote kusema kwamba viatu bora nilivyowahi kuvaa nilivipata sokoni Mwanjelwa, hapa Mbeya. Lakini kuna mtego nilionaswa nao mwenyewe. Muuzaji mmoja aliniambia, “Kaka, hivi ni vipya kabisa, havijawahi kuvaliwa,” na alikuwa anasema kweli. Siku ya pili ya kupanda Rungwe, soli ya kushoto ilianza kumeguka kama keki iliyokauka, ya kulia ikafuata kabla ya adhuhuri, nami nikashuka mlima nikiwa nimezifunga soli kwa kamba ya manila niliyoikata kwenye hema. Sababu niliijua baadaye: soli nyingi za mabuti ya milimani huwa na tabaka la katikati la poliyurethani, na aina hiyo ya plastiki huharibiwa polepole na unyevu wa hewa hata kiatu kikikaa kabatini miaka kumi bila kuguswa. Kutovaliwa si dalili ya uzima.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, kunja kiatu kwa mikono miwili mpaka soli ijipinde, uangalie pembeni kama kuna nyufa nyembamba. Kisha bonyeza tabaka la katikati kwa ukucha wa dole gumba. Likirudi kama mpira, ni zima. Likibaki na alama au likatoa unga, kirudishe mezani hata kama ngozi ya juu inang'aa. Ukikipenda sana, fundi viatu anaweza kukibandika na kukishona soli nyingine, ila fanya hivyo mwezi mmoja kabla ya safari na si jana yake.

Wakulima wa viazi wa Kitulo na Poroto wanatembea kwa mabuti ya mpira mwaka mzima, na kwa Ngosi ya mwezi Machi nami huyavaa. Kwa safari ya siku mbili zenye mzigo siyashauri, kwa sababu hayashiki kifundo cha mguu na jasho lake hulainisha ngozi hadi ikatoa malengelenge.

Hatua ya 3: Nguo za tabaka tatu, na jaribio la uzi

Acha nyumbani suruali ya jinzi na fulana ya pamba. Pamba hunywa maji na kukaa nayo, na nguo iliyolowa huupokonya mwili joto kwa haraka. Nguo ya kwanza, inayogusa ngozi, iwe jezi ya michezo au kitu kingine kinachokauka upesi. Ya pili iwe sweta la sufu, yaani manyoya ya kondoo, au jaketi la manyoya bandia. Ya tatu iwe koti la kuzuia mvua na upepo.

Sufu halisi hukutia joto hata ikiwa na unyevu, na mitumbani masweta ya sufu huchanganywa na ya akriliki kwenye rundo moja kwa bei moja. Mwombe muuzaji akuruhusu kuchomoa uzi mmoja kwenye pindo la ndani, kisha uuchome kwa kiberiti. Sufu hunuka kama nywele zilizoungua, huzimika yenyewe, na majivu yake hupondeka kwa vidole. Akriliki huyeyuka na kuacha kidonge cheusi kigumu.

Koti la mvua la mtumba lina ugonjwa wake. Geuza ndani nje uangalie utando: ukiona unabanduka magamba kama ngozi iliyoungua jua, au utepe uliozibia mishono umenyanyuka, koti hilo limekwisha. Ukiwa na shaka, shika mkono wa koti kama mfuko, mimina kikombe cha maji ndani yake, na uhesabu hadi mia mbili huku ukiangalia upande wa pili. Wauzaji watakucheka, lakini mimi wamekwisha kunizoea.

Ongeza kofia ya sufu, glavu, na jozi moja ya soksi ambayo haivaliwi mchana kwa sababu yoyote ile. Hiyo ni ya kulalia.

Hatua ya 4: Hema, mfuko wa kulalia na kitu cha chini

Hema liwe la tabaka mbili, yaani chumba cha ndani chenye matundu ya hewa na kifuniko cha nje kinachofika karibu na ardhi. Hema la tabaka moja hukusanya mvuke wa pumzi, na alfajiri hudondosha matone usoni kama vile lilivuja usiku kucha. La watu wawili lisizidi kilo 3. Kwa Kitulo chagua lililo fupi kwa kimo, lenye kamba za kutosha kila upande, kwa sababu upepo hauna kizuizi, na ongeza vigingi vinne vya akiba.

Kwenye mfuko wa kulalia, lebo nyingi huonyesha viwango vitatu vya joto. Soma kile cha kulala kwa starehe, usisome kile cha chini kabisa, ambacho maana yake ni kwamba utapona lakini hutalala. Kwa Juni na Julai Kitulo natumia mfuko ambao kiwango chake cha starehe ni nyuzi 0 au chini yake. Manyoya ya bata ni mepesi na yana joto, ila yakilowa husinyaa na kupoteza kazi, hivyo kwa Rungwe na kwa msimu wa mvua nachagua nyuzi za kutengenezwa viwandani ingawa huongeza uzito.

Watu husahau kwamba baridi kubwa hutoka chini. Mfuko hubonyea pale unapoulalia, na pale ulipobonyea hauna joto. Sponji ya kawaida ya magodoro haifai, kwa kuwa hunyonya maji kama mkate kwenye chai. Tafuta mkeka wa povu lililofungika, wa aina wanayofanyia mazoezi, wenye unene wa sentimeta moja au zaidi.

Hatua ya 5: Jiko na maji

Majiko madogo ya gesi ni mepesi, lakini yana kigeugeu. Mitungi ya bei nafuu mara nyingi hujazwa butani tupu, na butani huacha kugeuka mvuke joto linapokaribia nyuzi 0. Asubuhi ya sakitu utawasha kiberiti mara ishirini. Tafuta mtungi wenye mchanganyiko wa propani, au ulale na mtungi wako ndani ya mfuko wa kulalia. Usiingize jiko la mkaa hemani hata kwa dakika tano za kujipasha moto, kwa sababu hewa ya kaboni monoksidi haina harufu na huua usingizini.

Jambo jingine ni kwamba kwenye mwinuko wa Kitulo maji huchemka yakiwa na takribani nyuzi 91. Maharage makavu yatakula gesi yote na bado yatabaki magumu. Yapike nyumbani, au beba tambi, unga wa ugali na dagaa, na viazi ununue njiani. Kwa maji, panga uwezo wa kubeba lita 2 hadi 3 kwa mtu. Ya mtoni yachemshe au uyatibu kwa vidonge.

Hatua ya 6: Vitu vidogo

Tochi ya kichwani na betri za akiba, filimbi, kisu, plasta pana ya malengelenge, kiberiti kwenye kopo lisiloingiza maji, na simu iliyokwisha kupakuliwa ramani. Baridi huifanya betri ya simu iishiwe upesi, kwa hiyo usiku ilale nawe. Vibali vya Kitulo hutolewa na TANAPA (Shirika la Hifadhi za Taifa) na vya Rungwe na TFS (Wakala wa Huduma za Misitu). Vichapishe, usitegemee mtandao getini.

Hatua ya 7: Sasa nunua begi

Vitandaze vyote sakafuni ndipo ujue ukubwa. Kwa usiku mmoja lita 40 hutosha. Kwa usiku mbili au tatu, lita 50 hadi 65. Begi kubwa kupita kiasi hujazwa tu, sijawahi kuona mtu akilirudisha nusu tupu. Likijaa, lipime kwenye mizani ya duka la nafaka: lisizidi moja ya tano ya uzito wako.

Muhimu kuliko lita ni urefu wa mgongo. Inamisha kichwa, mwenzako aguse mfupa unaojitokeza chini ya shingo, apime kwa futi ya fundi cherehani hadi usawa wa juu wa mifupa ya nyonga. Urefu huo ndio unaolinganishwa na begi, si kimo chako. Nina rafiki mrefu kunizidi kwa kichwa kizima ambaye mgongo wake ni mfupi kuliko wangu. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya mzigo. Ukiufunga vizuri, utaweza kupitisha vidole chini ya mikanda ya mabegani bila shida.

Kifuniko cha mvua cha nje hakitoshi, maji hushuka mgongoni na kuingilia huko. Mimi hutumia utando wa ndani wa ile mifuko isiyopitisha hewa ya kuhifadhia mahindi, inayouzwa maduka ya pembejeo. Naupunguza kwa mkasi, naingiza ndani ya begi, napanga mfuko wa kulalia chini kabisa, vizito katikati karibu na mgongo, kisha naupinda mdomo mara tatu na kuufunga kwa mpira. Koti la mvua hubaki juu ya yote, nje ya utando huo.

Hatua ya 8: Jaribu wiki mbili kabla

Lala usiku mmoja uani kwako ndani ya hema hilo, na jumamosi inayofuata beba begi likiwa limejaa na upande njia ya Mlima Loleza juu ya jiji kwa saa tatu. Andika kila kinachobana, kinachochubua na kinachogonga. Zipu inayokwama na mkanda unaoteleza vitakuwa bado vinaweza kupelekwa kwa fundi Jumatatu asubuhi.