Nyumba mpya Dodoma: mambo ya kuzingatia kabla hujapanda mti

Ukipita Iyumbu, Nzuguni au Ihumwa mwezi wa Septemba utakuta nyumba nzuri, rangi bado mbichi, na mbele yake safu ya miche iliyokauka. Inauma, maana mwenyewe alitumia pesa na akabeba ndoo kila jioni. Kosa lake ni kupanda kiangazi. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa Novemba au Desemba hadi Aprili, na kwa mwaka mzima hazizidi sana milimita 550 hadi 600. Panda mvua zikishakolea, mti upate miezi mitatu minne ya kushika ardhi.

Kwa hiyo anza na maji, maua yatafuata. Piga hesabu ya paa lako: milimita moja ya mvua kwenye bati la mita za mraba 100 ni lita 100, na mvua moja kubwa ya milimita 30 ni lita 3,000. Gata na tenki vitangulie. Kama unategemea kisima, onja maji yake, kwani visima vingi huku vina chumvi. Ukimwagilia, udongo ukakauka na kuacha unga mweupe, huku ncha za majani zikiungua, jibu umepata. Parachichi hapo usilipeleke.

Kisha udongo, na hapa naomba usikilize vizuri. Mwarobaini wangu wa kwanza niliupanda pembeni ya ukuta, mahali mafundi walipokuwa wakichanganyia zege. Mwaka mzima ulikaa mwembamba vilevile. Nilipochimbua, shubiri moja tu chini nikakuta tabaka la saruji iliyoganda, na mzizi mkuu umejikunja juu yake kama kiwiko. Basi kabla hujamlipa fundi malipo ya mwisho, aondoe vifusi vyote. Chimba shimo la sentimita 60 upana na 60 kina, mimina ndoo ya maji, ulale. Maji yakiwa bado yamesimama asubuhi, una udongo mzito wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi; miti mikubwa ikae mbali kabisa na msingi. Yakinywewa upesi, ni kichanga, kinataka samadi ya kutosha. Samadi iwe imeoza. Mbichi huunguza mizizi, na mchwa wa Dodoma hawahitaji mwaliko.

Simama uwanjani saa kumi jioni uone jua linapiga chumba gani. Huko magharibi ndiko kunakotaka kivuli. Upepo wa kiangazi, wenye vumbi jekundu, unatoka zaidi mashariki na kusini-mashariki. Huko weka ua wa bogenvilia. Mwarobaini na mkwaju vinastahimili ukame, ila viache mita kadhaa kutoka kwenye shimo la choo na mabomba, wala visiwe chini ya nyaya za umeme. Sehemu ya kuegesha gari mimi ningeweka kichanja cha mzabibu: huu ni mkoa wa zabibu, kivuli unapata na matunda unakula, mradi uwe tayari kupogoa na kupiga dawa ya ukungu. Nyasi ziwe kipande kidogo cha ukoka karibu na baraza. Kwingine changarawe, alovera na waridi la jangwani vinatosha. Pevingi ikifunika uwanja wote, nyumba itachemka usiku na maji yote ya mvua yataishia kwa jirani.

Kama uzio haujakamilika, kila mche upate kizimba cha miiba, mbuzi hawachelewi.

Kitaluni usivutiwe na urefu. Mwombe muuzaji akupasulie mfuko mmoja uone mizizi. Ikiwa imezunguka kama kamba ndani ya ndoo, mche huo umekaa mno. Chukua ule wa futi moja na nusu ulio pembeni yake.