Dawa ya utupa kwa maharage: jinsi ninavyoiandaa

Utupa ni kichaka cha jamii ya mikunde, asili yake ni Afrika ya kitropiki. Maua yake ni meupe au ya zambarau, na maganda yana manyoya laini. Mimi naupanda mpakani mwa shamba kwa ajili ya vidukari na mbawakavu wanaotoboa majani ya maharage.

1. Hakikisha ni utupa. Shika jani dogo moja, livute kwa ncha: hukatika kwa umbo la V.

2. Chuma majani yaliyokomaa, yaanike kivulini. Sumu inayoua wadudu, rotenoni na jamii yake, huharibiwa na jua. Yakivunjika mkononi, twanga, chekecha, kisha hifadhi unga gizani kwenye chombo chenye mfuniko. Ziba pua na mdomo unapotwanga.

3. Unga kilo 1, maji lita 10, sabuni ya maji vijiko viwili vya chai. Tafadhali usiache sabuni! Sumu hii haiyeyuki vizuri kwenye maji matupu. Bila sabuni, nguvu kubwa inabaki kwenye makapi unayoyatupa. Koroga, funika, acha hadi kesho yake saa kama hiyo. Chuja kwa kitambaa mara mbili, la sivyo bomba litaziba katikati ya shamba.

4. Pulizia jioni, nyuki wakiwa wamerudi mzingani na jua limepoa. Elekeza bomba chini ya majani, ndiko vidukari wanakojificha. Rudia kila wiki.

5. Anza na mistari michache. Upo utupa usio na rotenoni kabisa, na kwa macho huwezi kuutofautisha. Watafiti waliukuta hata kwenye mashamba ya wakulima Malawi. Mimi nilipoteza msimu mzima na utupa wa namna hiyo. Ukiona vidukari bado wamejaa baada ya kupulizia mara mbili, ung'oe, utafute mbegu kwa mkulima ambaye wake umeonekana kufanya kazi.

6. Sasa maji. Zamani watu walitwanga utupa wakalevya samaki mtoni, na leo kuvua kwa sumu ni marufuku Tanzania. Dawa hii hii ikiingia mferejini itaua samaki wa jirani aliye chini yako. Osha ndoo na bomba shambani, maji yamwage kwenye mistari uliyopulizia.